"Breathe": Neno Dogo la Kiingereza Lenye Mambo Mengi



Safari hii hatuandiki juu ya mbuzi wa maziwa wala tangi la maji ya mvua. Tunaandika juu ya neno moja tu. Msitucheke. Neno lenyewe limewahi kugharimu kikundi pesa, na sababu ya kuliandikia ni hiyo.

Kikundi kimoja cha akina mama wa ufuoni, jina tunaliweka, kiliomba mkopeshaji awaongezee muda kwa sababu biashara ya omena ilikuwa imelala. Barua ya jibu ikaja kwa Kiingereza, kwamba watapewa miezi 3 ya "breathing space". Katibu akaisoma mkutanoni, akatafsiri hivi: "Wametupa miezi mitatu ya kupumzika." Basi, makofi, wimbo, sala ya kushukuru. Kila mtu akaenda nyumbani akijua deni nalo limepumzika. Lakini wapi! Deni halikulala hata siku moja. Mwezi wa nne mweka hazina akaletewa hesabu yenye riba ya miezi yote mitatu, na wenzake wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni kana kwamba yeye ndiye amekula.

Tuliletewa barua ile tuisome. Nasi tukiri, tuliisoma mara mbili kabla ya kuona shida iko wapi. Katibu hakudanganya. "Breathe" ni kupumua, na kupumua na kupumzika kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Lakini kwa lugha ya watu wa mikopo, "breathing space" ni muda wa kutosukumwa, si muda wa kusamehewa.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mmekopa shilingi 120,000, na riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Kila mwezi riba ni shilingi 1,800. Miezi 3 msiyolipa kitu ni shilingi 5,400. Na kama riba yenyewe inapandishwa juu ya deni na kuzaa riba nyingine, inafika 5,481. Si pesa za kuangusha kikundi, lakini ni pesa za kugombanisha watu kama hawakuzitarajia. Kwa hiyo mkiona neno hilo kwenye barua, muulizeni mkopeshaji mambo matatu, na awajibu kwa maandishi: Je, riba inaendelea kuhesabiwa? Ile miezi tusiyolipa inasogezwa mwisho wa mkopo, au tutadaiwa yote kwa pamoja mwezi wa nne? Na je, wanaotudhamini wamejulishwa? Swali la tatu watu hulisahau, halafu mdhamini anasikia habari sokoni.

NENO LENYEWE

Tuanze na watoto wa shule, maana wao hulikosea kila mwaka. "Breath" bila e mwishoni ni pumzi. "Breathe" yenye e ni kupumua. Matamshi nayo hubadilika: la kwanza ni fupi, la pili linavutwa. Mwingereza akitaka kusema kuvuta pumzi anaongeza kineno "in", akitaka kutoa anaongeza "out". Sisi tuna vitenzi kamili kwa kila kazi: mtu huvuta pumzi, huishusha, huikata, huizuia. Tena tuna kuhema kwa aliyekimbia, kutweta kwa aliyezidiwa, kukoroma kwa aliyelala, na kupaliwa kwa yule aliyekunywa uji huku anacheka. Katika jambo hili Kiswahili si maskini hata kidogo.

Kisha kuna matumizi ya mzunguko. Mwingereza akisema sasa anaweza "kupumua tena", hakuwa amezimia. Hofu imemwisha. Sisi tungesema ameshusha pumzi. Akikuambia usi-"breathe" neno, anataka siri, usifungue mdomo. Watangazaji wa mpira nao wametuletea timu inayopumuliwa shingoni na nyingine, na siku hizi hata wazee wanaofuata Gor Mahia kwenye redio wanasema hivyo bila kushtuka. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu, lakini kimeshazoeleka.

Moja linawaudhi watu bila sababu. Wafadhili wanapenda kuandika kwamba mradi wao utapulizia kikundi "uhai mpya". Mwenyekiti mmoja alituuliza kwa uchungu, "Kwani tulikufa lini?" Hapana, mzee. Kwa Kiingereza hayo ni maneno ya heshima tu, kama sisi tunavyosema kuchangamsha. Ila kusema kweli na sisi tungependa wapunguze.

NAFASI, ROHO, NA YWEYO

Hapa ndipo tulipofurahi wenyewe tulipokuwa tukitayarisha ukurasa huu. Pumua, pumzi, pumzika, pumziko, hata pumu ule ugonjwa wa kubanwa kifua, maneno hayo yote yanasikika kuwa ya ukoo mmoja. Na Dholuo ni vilevile: yweyo ni kupumua, na yweyo ni kupumzika. Kwa hiyo yule katibu alikuwa akifikiri kwa lugha mbili zinazokubaliana, na ile ya tatu ndiyo iliyomwangusha.

Lakini Kiswahili kilikuwa na neno la "breathing space" siku zote, nalo ni nafasi. Neno hilo limetoka Kiarabu, kwenye nafas, yaani pumzi. Nafsi nayo ni ndugu yake. Ukimwambia mtu "nipe nafasi", kwa asili ya neno unamwambia anipe mahali pa kuvutia pumzi. Katibu angetafsiri "wametupa nafasi ya miezi mitatu", pengine wimbo ungekuwa mfupi kidogo na maswali mengi zaidi.

Roho pia limetoka Kiarabu, na lina undugu na neno lao la upepo. Wanaosoma Biblia wataona jambo hilo si geni. Katika Kiebrania cha Agano la Kale neno ni ruach, na katika Kigiriki cha Agano Jipya ni pneuma, na yote mawili hubeba pumzi, upepo na roho kwa pamoja. Someni Mwanzo 2:7, mtu wa udongo anapopewa uhai kupitia puani. Someni Ezekieli 37, ile habari ya mifupa mikavu, ambapo nabii anaambiwa auite upepo. Na Yohana 20:22, jioni ile Yesu alipowavuvia wanafunzi. Mhubiri anayejua hili hatapata taabu kueleza kwa nini neno moja hugeuka upepo mstari huu na roho mstari unaofuata.

MTOTO ANAPUMUAJE?

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuombe kurasa mbili badala ya moja.

Mama akifika zahanati, sista humuuliza, "Mtoto anapumua vizuri?" Mama hujibu, "Ndiyo, anapumua," maana mtoto yu hai, anamwona. Swali ni la namna ya kupumua, jibu ni la kuwa hai. Wote wawili wamesema kweli, na mtoto anarudishwa nyumbani na dawa ya homa. Tumesikia habari ya namna hii mara nyingi mno, tena kutoka kwa akina mama wenye akili timamu na masista wenye huruma.

Nimonia, ambayo wengine huita homa ya mapafu au kichomi, hujionyesha kwa mwendo wa pumzi. Hata jina lake limetoka kwenye Kigiriki cha mapafu, neno linalofanana na lile pneuma la Agano Jipya. Kuutambua mwendo huo hakuhitaji mashine. Kunahitaji saa au simu yenye kuonyesha sekunde, na mtoto aliyetulia. Usihesabu akiwa analia au ananyonya. Mfunue nguo kifuani, tazama tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika moja nzima, usihesabu nusu kisha uzidishe, maana watoto hupumua kwa kubadilika-badilika.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi kwa dakika, hiyo ni haraka mno. Wa miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au anakataa kunyonya na kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea haamki vizuri, msingoje asubuhi wala msingoje baba arudi kutoka ziwani. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye dalili yoyote kati ya hizi, hata ile ya pumzi za haraka peke yake, hatibiwi nyumbani.

Ukifika, sema kwa namba. "Sista, nimehesabu pumzi hamsini na nane kwa dakika, naye ana miezi saba." Mtakavyoona, sista atainua kichwa. Namba haihitaji kutafsiriwa.

Wahudumu wa afya wa kijiji wanafundishwa kuhesabu hivi, na tangu 2023 serikali iliwagawia vifaa vya kazi nchi nzima. Mwiteni mmoja mkutanoni awaonyeshe, kila mama ajaribu kwa mtoto wake mzima kwanza, ili ajue mwendo wa kawaida unavyoonekana. Chanjo nayo ipo: ile ya kuzuia aina moja kubwa ya nimonia ilianza kutolewa Kenya 2011, na mtoto huipata katika kliniki ya kawaida ya chanjo.

ALIYETOLEWA MAJINI

Watu wa ziwa hatuwezi kuandika juu ya pumzi tukaruka hili.

Mtu akitolewa majini amezimia, watu hubishana: "Anapumua!" "Hapumui!" Tatizo ni kwamba mwili unaokufa huweza kuvuta pumzi moja moja, kwa kishindo, mdomo wazi kama sangara aliyetupwa mchangani, kisha kimya, kisha tena. Huko si kupumua. Akiwa hajibu anapoitwa, na hapumui kwa mwendo wa kawaida, mhesabuni kuwa hapumui.

Msimning'inize kichwa chini. Msimkamue tumbo ati maji yatoke. Hayo yanapoteza dakika, na dakika ndizo zinazoua. Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma ili njia ya hewa ifunguke. Mzibe pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mpulizie mpaka uone kifua kinapanda. Kwa aliyezama, anza na pumzi mbili au zaidi kabla ya kifua, kwa kuwa alichokosa ni hewa. Kisha sukuma katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, mpulizie mara 2, tena 30, tena 2, bila kuchoka. Mkiwa wengi pokezaneni, na mmoja aende kutafuta gari. Akizinduka, mlazeni ubavu, na bado apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni huweza kumgeuka baadaye.

Haya hayajifunzwi kwa kusoma tu. Kikundi chenye mitumbwi kiombe mtu wa huduma ya kwanza aje ufuoni siku moja. Na jaketi za kuokolea bado ni bora kuliko pumzi ya mtu yeyote.

MOSHI

Hapa tutapita upesi, maana tulishaandika juu ya majiko. Akina mama wanaokaanga mgongo wazi kule Obunga, na wale wanaokausha samaki kwa moshi kwenye fuo, wanavuta mchana kutwa hewa ambayo mtoto mgongoni anaivuta pia. Moshi wa kuni ndani ya nyumba huongeza nimonia kwa watoto wadogo, hilo limethibitishwa. Vikundi vya akina mama wafinyanzi upande wetu vilikuwa vikitengeneza jiko la Upesi tangu miaka ya 1990, na lile la udongo lililojengewa vizuri hula kuni kidogo. Lakini jiko zuri ndani ya chumba kisicho na dirisha bado ni moshi. Toboeni ukuta juu, pande mbili, hewa ipite.

Na jiko la makaa lisilalwe nalo. Makaa yakishika rangi nyekundu hayatoi moshi, watu hudhani ni salama, kumbe yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inayomchukua mtu usingizini. Kwenye mvua ya masika msilifungie ndani hata kama kuna baridi.

ZIWA NALO HUPUMUA

Wataalamu wa Kiingereza wakija kwenye semina husema ziwa "can't breathe". Watu hutabasamu. Lakini maneno hayo si ya mzaha. Samaki wengi huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini kupitia matamvua, yale mashavu mekundu ambayo mnunuzi huyafunua kuona kama samaki ni wa leo. Gugu maji lilipoenea upande wetu katika miaka ya 1990, mpaka kufikia 1998 likafunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam, chini ya blanketi lile maji yalikosa mwanga na hewa. Sangara na ngege wakahama. Nani aliyebaki? Kamongo na mumi. Wavuvi wanakumbuka jinsi kamongo walivyoongezeka.

Kamongo ana mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa kama sisi, na ukimzuia chini kwenye wavu muda mrefu hufa kwa kuzama, samaki mzima, ndani ya maji! Mumi naye ana kiungo chake cha kuvutia hewa. Hao wawili hawategemei pumzi ya ziwa.

Wa vizimba wanaitegemea, tena kuliko wa porini, maana hawawezi kuhama. Novemba 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi sana kwa siku chache. Watu walisema ni sumu. Maelezo ya wataalamu yalikuwa kwamba maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipanda juu, jambo linalotokea upepo unapolikoroga ziwa. Kikundi chenye vizimba kiwe na mtu wa kuamka kabla ya alfajiri, kwa sababu wakati huo ndio oksijeni huwa kidogo kabisa. Samaki wakionekana juu wanatweta, wakifungua na kufunga midomo, msiwape chakula. Punguzeni msongamano kama mnaweza, ombeni ushauri kwa ofisi ya uvuvi mara moja. Na kabla ya kuweka kizimba kipya ulizeni kina cha maji na mkondo. Mahali palipotulia kama bwawa panapendeza macho lakini hapapumui.

GUNIA LINALOPUMUA NA LISILOPUMUA

Karatasi nyingi za kilimo zimeandikwa kwamba mahindi yaachwe "ya-breathe". Maana yake ni kwamba gunia la mkonge huruhusu unyevu kutoka na hewa kupita, liwekwe juu ya mbao, lisiegemee ukuta. Ni kweli. Kisha anakuja mwuzaji mwingine na mifuko ya plastiki ya tabaka tatu, mbili za ndani na moja ya nje iliyofumwa, naye anasema ifungwe kabisa, pumzi isiingie. Mwanachama anauliza, tumsikilize nani?

Wote wawili, ila kila mmoja kwa mfuko wake. Ule wa tabaka tatu unafanya kazi kwa kuwanyima wadudu hewa. Fukusi na yule dumuzi ambaye watu walimbatiza Osama hupumua mpaka hewa ya ndani iishe, kisha hawali tena na hawazai, wanakufa. Hakuna dawa ya unga inayohitajika. Lakini mahindi yawe yamekauka kwanza, unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake. Ukifungia mahindi mabichi humo umefungia ukungu, na ukungu huleta ile sumu iliyowahi kuua watu katika nchi yetu. Jaribio la nyumbani: weka punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, funga, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Tena usiufungue mfuko kila siku kuchota ya uji. Kila ukifungua, umewapa wadudu nafasi.

NENO JINGINE LA UKOO HUO

Kilatini kilikuwa na spirare, kupumua, na Kiingereza kikakirithi kwa mlango wa nyuma. "Inspire" ni kupulizia ndani, ndiyo maana mhubiri mzuri huitwa hivyo. "Expire" ni kutoa pumzi nje, kisha ikawa kufa, kisha ikawa kuisha muda. Hilo la mwisho wote tunalijua: dawa ime-expire. Kwenye pakiti huandikwa EXP, mwezi na mwaka. Ikiwa ni 06 bila siku, ni mpaka siku ya mwisho ya mwezi wa sita. Dawa ya binadamu iliyopita muda irudishwe zahanati au duka la dawa, isitupwe chooni wala ziwani. Mbegu na dawa za mifugo ziangaliwe vivyo hivyo kabla ya kulipa, si baada.

Lakini ile maana ya katikati bado iko kwenye karatasi za hospitali, na watu hawaijui. Mzee mmoja alituletea karatasi iliyokunjwa mara nne, ya ndugu yake aliyefia mji wa mbali miaka mingi iliyopita. Kijana wa jirani ndiye aliyewahi kumsomea. Kulikuwa na jina la hospitali, tarehe, saa, na neno "expired". Kijana akamweleza kwa nia njema kwamba kitu fulani kiliisha muda, pengine kadi. Kwa hiyo miaka yote hiyo mzee aliamini ndugu yake alifukuzwa mlangoni usiku kwa sababu kadi yake ilikuwa imepitwa na muda, na hakuwahi kuwasamehe watu wale.

Tulimsomea karatasi yote, taratibu, kutoka juu. Ilionyesha kwamba ndugu yake alipokelewa, akalazwa siku tatu, akawekewa maji na oksijeni, na saa kumi na dakika kumi alfajiri akakata roho akiwa kitandani, muuguzi akiwa ameandika kila saa. Mzee akauliza kama tuna hakika. Tukamwambia tuna hakika. Akatuomba tusome tena sehemu ile ya siku tatu.